Alkoholi Si Kileo

"Methanoli ni kileo chepesi kuliko vileo vyote."

Sentensi hii sikuitunga mimi. Niliikuta katika mswada wa kijitabu cha sayansi nilioombwa niupitie kabla haujapigwa chapa. Mwandishi alikuwa ameandika sawasawa kwamba methanoli ni alkoholi nyepesi kuliko alkoholi zote. Mhariri, kwa nia ya kuisafisha lugha, akalifuta neno alkoholi kila lilipotokea na mahali pake akaweka kileo. Aya ikawa laini masikioni, nayo ikawa imebeba sumu. Mkemia akisema "nyepesi" ana maana ya uzito wa molekuli. Mnywaji akisikia "kileo chepesi" anaelewa kinywaji cha kuanzia jioni. Na methanoli, ndugu msomaji, ni kitu ambacho vijiko vyake vichache vyaweza kumpofusha mtu mzima maisha yake yote, na bilauri moja ikamzika.

Ningelinyamazia jambo hili kama lingekuwa la mhariri mmoja. Lakini rai hiyo naikuta kila nigeukapo. Naikuta kwa washairi wanaoona haya kulitia neno alkoholi katika beti zao, kwa watafsiri wa vibandiko vya bidhaa, kwa wasomaji wa habari redioni, na kwa wapenzi wa lugha ambao kwao kila neno lenye sura ya ugeni ni la kufukuzwa. Hoja yao hutoka katika pumzi moja: alkoholi ni Kizungu, kileo ni chetu, maana ni ile ile, basi tutumie chetu. Mimi nimefundisha Kemia kwa zaidi ya miaka thelathini, na mashairi niliyapenda kabla sijaijua Kemia. Nasema maana si ile ile, na aliyesema ni ile ile hajaitazama alkoholi wala hajakitazama kileo.

Tuanze na kileo, kwa kuwa ndicho chetu. Mzizi wake ni lewa. Kutoka mzizi huo tumepata mlevi, ulevi, kulevya, na siku hizi dawa za kulevya. Kimfanyacho mtu alewe ndicho kileo. Neno hili basi limeundwa kwa kulitazama tendo, si kwa kukitazama kitu. Halituambii kinywaji kimetoka katika mtama, katika mnazi au katika mwanzi. Halituambii kina rangi gani wala kimejengwa kwa nini. Latuambia tu yatakayompata mnywaji. Ni neno zuri na lina kazi yake. Sheria ya Tanzania ya mwaka 1968 inayohusu biashara hiyo ni sheria juu ya vileo, na hivyo ndivyo ipasavyo, kwa sababu mtunga sheria hashughuliki na molekuli. Anashughulika na mtu anayeyumba barabarani saa sita za usiku. Kibandiko kikiandikwa "kinywaji kisicho na kileo", nakubali bila kinyongo. Mnunuzi anataka kujua kama atalewa, naye amejibiwa.

Alkoholi, kinyume chake, ni jina la ukoo. Mkemia alipolichukua hakutazama mtu anafanywa nini. Alitazama kitu kimejengwaje. Chukua atomi ya kaboni iliyoshikana na jirani zake kwa vifungo vimoja vimoja. Katika mkono wake mmoja uifunge atomi ya oksijeni, na oksijeni hiyo uipe atomi ya haidrojeni iishike. Jozi hiyo ya oksijeni na haidrojeni huitwa haidroksili. Kampaundi yoyote iliyojengwa hivyo ni alkoholi, iwe ni maji maji au ni gumu kama nta, iwe inanukia au haina harufu, iwe ni chakula au ni sumu. Haidroksili peke yake haitoshi. Kostiki soda, ile ya kutengenezea sabuni, nayo inayo haidroksili, lakini imeshikana na sodiamu badala ya kaboni; hivyo kostiki soda haimo katika ukoo huu, na hakuna mkemia aliyewahi kuitia. Hata kaboni yenyewe huulizwa inakaa vipi: haidroksili ikifungwa moja kwa moja kwenye pete ya benzini, kitu hicho huitwa fenoli, nacho hutengewa ukoo wake mwingine. Ndiyo maana kiungo kikuu cha mafuta ya karafuu, kiitwacho yujenoli, hakihesabiwi miongoni mwa alkoholi ijapokuwa jina lake lafanana nazo.

Sasa tazama ni nani na nani wanaokaa katika ukoo wenyewe. Methanoli ina kaboni moja, ethanoli ina mbili. Gliserini, ile chupa ndogo ambayo kina mama wengi huwa nayo kwa ajili ya ngozi kavu, ina kaboni tatu na haidroksili tatu. Kwa sheria ya ukoo ni alkoholi mara tatu, na hakuna aliyewahi kuyumba kwa kuipaka magotini. Mentholi, ile baridi unayoisikia kifuani ukipaka dawa ya mafua, ni alkoholi. Kolesteroli, ambayo daktari hutuonya juu yake sisi tuliovuka miaka sitini, ni alkoholi yenye kaboni 27, na unayo mwilini mwako sasa hivi unaposoma, uwe mlevi au uwe hujawahi kuonja kitu maishani. Harufu ya marashi ya mawaridi, yale yanayonyunyizwa maulidini na arusini, kwa sehemu kubwa ni ya alkoholi. Harufu ya mrehani vivyo hivyo.

Mama mmoja mcha Mungu, mzazi wa mwanafunzi wangu wa zamani, aliniletea kopo la losheni akaniuliza, "Mwalimu, hii ina pombe? Nimeswalia nayo mwaka mzima." Kwenye kopo paliandikwa alkoholi ya setili. Nikamwambia, mama, hicho ni kitu kigumu cheupe mfano wa nta, chenye kaboni 16. Mfaransa Chevreul alikipata mwaka 1817 katika mafuta ya kichwa cha nyangumi, na kazi yake humo ni kuyafanya maji na mafuta yasitengane. Akanishukuru akaenda zake. Lakini fikiri: laiti kibandiko kile kingekuwa kimetafsiriwa na wale wenzetu, pangekuwa pameandikwa "kileo cha setili", na mimi ningekuwa na kazi ya kumthibitishia mama huyo kwamba maandishi ya Kiswahili, lugha yake aliyozaliwa nayo, yanamdanganya.

Upande wa pili wa mizani nao umelala vile vile. Watoto wa mitaani katika miji yetu hunusa gundi, wakalewa hasa. Mojawapo ya vitu viwalevyavyo humo ni tolueni, yenye kaboni saba na haidrojeni nane, wala oksijeni haimo hata atomi moja. Kwa Kiswahili sahihi gundi hiyo ni kileo: inalevya. Kwa Kemia haina ujamaa wowote na alkoholi. Hivyo kuna vileo visivyo alkoholi, na kuna alkoholi zisizo vileo, na mahali maneno mawili yanapokutana hasa ni kwenye ethanoli. Makutano ya njia si njia yenyewe.

Nimesema sentensi ile ilibeba sumu, na sitaki ichukuliwe kuwa ni chumvi ya mshairi. Mnamo Novemba 2000, jijini Nairobi, zaidi ya watu mia moja walikufa, na wengine wakapoteza macho, kwa kunywa pombe iliyotiwa methanoli. Mwaka 2014 Kenya ikazika tena makumi ya watu kwa sababu hiyo hiyo. Mwaka 2020, korona ilipopamba moto, ulienea uvumi nchini Iran kwamba alkoholi huua kirusi mwilini. Watu wakanywa walichokipata, na kilichopatikana kilikuwa methanoli. Waliokufa walikuwa mamia. Huko hawasemi Kiswahili, najua. Nawataja kwa sababu waliuawa na kosa lile lile ambalo wenzetu wanataka tulitie katika lugha yetu kwa hiari: jina moja kwa ndugu wawili, mmoja hulevya na mwenziwe huua.

Sumu hiyo hufanya kazi hivi. Methanoli yenyewe ikiingia tumboni haina makeke. Hata kulevya hulevya kidogo kuliko ethanoli. Ini ndilo linaloigeuza. Kimeng'enya kile kile kinachoivunja ethanoli huishika methanoli na kuifanya fomaldehaidi, na fomaldehaidi nayo hugeuka kuwa asidi fomiki, ambayo jina lake limetokana na neno la Kilatini la chungu, kwa kuwa wadudu hao wanayo. Ukipanda mwembe wenye majimoto ukarushiwa maji yao machoni, hiyo ndiyo asidi uliyopewa. Ikizidi katika damu huushambulia mshipa wa fahamu wa macho, na hapo ndipo mtu huamka asubuhi akiuliza mbona hakujakucha.

Na dawa yake? Mojawapo ya dawa za hospitali, hasa pale dawa mpya na za ghali zinapokosekana, ni ethanoli. Daktari humpa mgonjwa ethanoli kwa kipimo, na kwa kuwa kimeng'enya kile huipenda ethanoli zaidi, hushughulika nayo na kuiacha methanoli, ikapata nafasi ya kutoka mwilini kabla haijageuzwa. Ndugu mmoja wa ukoo anamwokoa mtu na ndugu mwingine. Sasa namwomba yeyote anayetaka tuseme kileo badala ya alkoholi aniandikie aya hiyo. Ataandika: mgonjwa aliyedhurika na kileo atibiwe kwa kileo, maana kileo hukizuia kileo kisigeuke sumu. Muuguzi wa zahanati ya kijijini akiisoma atafanya nini? Atacheka, au ataua.

Hapa nilikemee na neno "kali". Kila yanapotokea maafa haya, redioni husikika kwamba marehemu walikunywa "pombe kali mno" au "pombe yenye kileo kingi kupita kiasi". Msikilizaji aliyekaa kibarazani akiwa na kikombe chake cha gongo anajifunza nini? Anajifunza kwamba wale walizidisha, naye hazidishi, basi yu salama. Hakuna aliyemwambia kwamba kikombe kile hakikuwa na kitu kile kile kwa wingi zaidi. Kilikuwa na kitu kingine. Gongo au chang'aa iliyokenekwa kutokana na nafaka huwa na methanoli kidogo sana. Maafa makubwa huja mfanyabiashara anaponunua methanoli ya viwandani, ambayo haikukusudiwa koo la binadamu, akaichanganya ili apate faida ya haraka. Kwa macho ni maji yale yale, kwa ulimi ni vigumu kutofautisha, na methanoli huchemka kwenye nyuzijoto 65 na ethanoli kwenye 78, karibu mno kwa mpishi wa gongo mwenye debe na bomba kutumaini kuzitenganisha. Kitu pekee kinachoweza kuzitenganisha mbele ya mwananchi wa kawaida ni jina. Nalo ndilo tunalotaka kuliunganisha!

Nimekuwa nikiwasema wasafishaji wa lugha, lakini kuna kundi la pili ambalo haliponi. Ni wale wasomi wetu wanaoona neno pombe linanuka uswahilini, basi wakasema "alitumia alkoholi", "madhara ya alkoholi kwa vijana", "ajali zilizotokana na alkoholi". Hawa wanajiona wamependezesha. Wamelikopa kutoka Kiingereza cha mitaani, ambako neno moja linabeba mizigo miwili, ya baa na ya maabara, na huko ndiko chimbuko la mkanganyiko wote. Mwingereza hana budi: hana neno jingine jepesi, hivyo akitaka kuisema methanoli huiita alkoholi ya mti, akamwacha mlevi akisikia alkoholi na kusahau mti. Sisi tunalo budi. Tuna pombe, tuna kileo, tuna ulevi, tuna tembo la mnazi na ulanzi na mbege na majina mengine ya kila mkoa. Na tunayo alkoholi ambayo haijachakaa vinywani, ipo safi ikingoja kazi yake ya kisayansi. Hapa, kwa mara moja, Kiswahili ni tajiri kuliko Kiingereza. Wenzetu wa kundi la kwanza wanataka kuitupa alkoholi, wa kundi la pili wanataka kuitupa pombe, na wote wawili wanatupeleka kwenye umaskini ule ule wa neno moja.

Niligusie na dai kwamba alkoholi ni Kizungu, maana ndilo linalowapa watu ari. Neno hili ni la Kiarabu, na lilianza safari yake likiwa kwenye kope za wanawake. Al-kuhul ni wanja, ule unaoitwa kwetu wanja wa manga, unga mweusi wa jiwe uliosagwa hata ukawa laini kama moshi. Vitabu vya alkemia vilipohamishiwa Kilatini, neno likahama navyo, na huko Ulaya likawa na maana ya unga wowote uliosagwa laini mno. Kisha maana ikapanuka: kilichosagwa hadi kikabaki kiini chake, na baadaye kilichokenekwa hadi kikabaki kiini chake. Katika karne ya 16 tabibu Paracelsus alisema juu ya alkoholi ya mvinyo, yaani kiini cha mvinyo. Mvinyo ukadondoka njiani, alkoholi ikabaki peke yake ikimaanisha yale maji yanayowaka. Katika karne ya 19 wakemia wa Kifaransa Dumas na Péligot wakaonyesha kwamba maji yaliyokenekwa kutokana na mbao yamejengwa kwa mfano wa yale ya mvinyo, na pia kile kitu cha Chevreul cha nyangumi. Ndipo jina la mtu mmoja likawa jina la ukoo.

Wapo wanaodai kwamba asili si kuhul bali ni ghawl, neno linalopatikana katika Qurani, Sura ya 37, panapoelezwa kinywaji cha peponi kisicho na madhara hayo. Dai hilo lavutia, na naelewa linavutia kwa nini: lingelifanya neno liwe na ulevi tangu kuzaliwa kwake. Lakini historia yake katika Kilatini inalikataa. Alkoholi ilikuwa unga kwanza, tena kwa muda mrefu, kabla haijawa maji. Neno lililotokana na ulevi lisingeanza maisha yake kwa kumaanisha unga wa jiwe. Ni wanja.

Basi huyo anayefukuzwa kwa kuwa Mzungu ni mtu wa nyumba ya jirani, mwenye damu moja na alfajiri, Alhamisi na alasiri, aliyekwenda ng'ambo akarudi amevaa suti. Na hata angekuwa Mzungu kweli, tumemkubali Mreno kwa mvinyo na Mfaransa kwa divai, na bia hatukuikuta kwa babu zetu. Sijasikia mtu akiona haya kutia divai katika utenzi.

Malenga wengine hunijia kwa hoja ya umbo. Wanasema alkoholi haina mwili wa Kiswahili, konsonanti mbili zinafuatana, mizani inakwama. Labda hawalisemi neno labda. Hawana daftari, hawaoni almasi, hawaamki alfajiri. Ushairi wetu umeyabeba maneno ya namna hiyo tangu enzi za tenzi, na kila mtunzi ana desturi yake: wako wanaoihesabu silabi al kuwa mizani moja, wako wanaoipa l mizani yake peke yake. Hebu tupime:

Ukoo wa alkoholi, usiuite kileo.

Kwa anayehesabu al kuwa moja, nane kwa nane. Kwa anayeitenga l, na aseme ukoo walkoholi, inkisari ambayo hakuna mkongwe atakayeikemea, na atapata nane kwa nane vile vile. Mstari huo nawaachia bure wanaotafuta kibwagizo.

Tena Kemia imewasaidia washairi kuliko wanavyojua. Mwaka 1892 wakemia walikutana Geneva wakaafikiana namna ya kuyapanga majina ya kampaundi za kaboni, na mojawapo ya waliyoafikiana ni kwamba majina ya alkoholi yaishie kwa kiambishi kimoja, ambacho kwa Kiswahili ni -oli. Methanoli, ethanoli, propanoli, butanoli. Hivyo ni vina! Mtu akisikia kina anaujua ukoo, kama tunavyoujua ukoo wa mtu kwa jina la babu yake. Naomba tu masikio yawe makini, maana kina pekee si ushahidi kamili. Yujenoli nimeshaitaja. Petroli nayo ina kina hicho hicho na haina ujamaa, kwa kuwa -oli yake imetokana na neno la Kilatini la mafuta. Ni mafuta ya mwamba, basi. Ukimtilia mlevi petroli kwa sababu ya kina, kosa si la Geneva.

Pingamizi moja nimelisikia ambalo nalipa heshima. Mzee mwenzangu aliniambia: "Mwalimu, mambo yako ni kweli, lakini mkulima wa kijijini halijui neno alkoholi, kileo analijua. Utamwonyaje kwa neno asilolijua?" Jibu langu ni kwamba kwa kumwonya mkulima sihitaji jina la ukoo hata kidogo. Namwambia neno moja, methanoli, na namwambia ni sumu. Hakuna haja ya kumwambia ni alkoholi, na ni hatari kumwambia ni kileo. Mkulima huyo huyo alijifunza kusema yurea, alijifunza jina la dawa ya kuulia kupe, alijifunza parasetamoli, na wala hakuomba zitafsiriwe kwanza. Neno hujulikana kwa kutumiwa. Jina la ukoo na libaki darasani, katika vitabu vya sayansi, kwenye vibandiko vya dawa na losheni, na hapo lisiguswe.

Vitakasa mikono vimetupa mfano wa karibu. Shirika la Afya Duniani lilitoa kanuni mbili za kuvitengeneza: moja kwa ethanoli ya asilimia 80, nyingine kwa isopropanoli ya asilimia 75. Zote mbili ni alkoholi, na mtafsiri anayeandika "chenye alkoholi" amesema kweli kwa chupa zote mbili. Anayeandika "chenye kileo" amesema nusu ya kweli kwa chupa ya kwanza, na kwa ya pili amemkaribisha mtu kunywa kisichonyweka. Nimeziona chupa za namna hiyo zikiuzwa. Naye Mwislamu anayejitakasa mikono kabla ya kuingia msikitini amesumbuliwa bure na neno, kabla hata hajapata nafasi ya kumuuliza shekhe wake juu ya kitu chenyewe.

Kwa hiyo wahariri nawaomba jambo dogo: mkilikuta neno alkoholi katika andiko la sayansi, kalamu nyekundu ipite kando. Mkilikuta katika habari ya mtu aliyegonga mti kwa gari akitoka baa, hapo lifuteni mwandike pombe, nami nitawashika mkono. Na malenga atakayetunga juu ya vifo vya gongo, asituambie tena kwamba kileo kimewamaliza vijana wetu kwa ukali wake. Amtaje muuaji kwa jina. Methanoli ina mizani nne tu, na kina chake ni li, ambacho hakuna mtunzi wa Kiswahili aliyewahi kukikosea mwenzi.